Hakuna kitalu cha uwindaji ndani ya Serengeti
Wapo wanaodhani mtalii mwenye pesa anaweza kuwinda simba ndani ya Serengeti. Hapana, haruhusiwi, hata awe na dola kiasi gani. Ndani ya Hifadhi za Taifa uwindaji umekatazwa kabisa. Uwindaji wa kitalii hapa Tanzania unafanyika kwenye vitalu, yaani maeneo yaliyotengwa kwa uwindaji, vilivyo katika mapori ya akiba, mapori tengefu na maeneo ya jumuiya za hifadhi za wanyamapori za vijiji, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Nadhani watu wanachanganya kwa sababu pori la akiba la Maswa limepakana na Serengeti, na huko vitalu vipo.

Hata kwenye kitalu mtu hajipigii tu mnyama anayemtaka. Kuna mgawo wa idadi ya kuwindwa kwa kila aina ya mnyama, na mwindaji lazima asindikizwe na mwindaji bingwa, yaani mwindaji mwenye leseni ya kuongoza wageni, pamoja na askari wa wanyamapori. Simba anatakiwa awe dume wa miaka 6 au zaidi. Porini wanakadiria umri kwa manyoya ya shingo na pua, maana pua ya simba huanza ya waridi kisha hujaa madoa meusi kadiri anavyozeeka. Akishapigwa, meno na fuvu hukaguliwa.

Ila simba hajui mpaka. Dume wa hifadhini akivuka kuingia kitaluni anaweza kuwindwa kihalali, na hilo kwangu ndilo la kulipigia kelele. Kenya ni habari nyingine, walipiga marufuku uwindaji tangu 1977.