Wanachuo wa ualimu wa muziki: ufundi tu au na utamaduni wake?

Mkuu umeuliza kuna haja gani ya kuwafundisha wanachuo wa ualimu wa muziki mambo ya utamaduni wakati nota zenyewe hawajazimudu na masaa hayatoshi. Miaka ile naanza kufundisha ningekujibu waache wapige skeli kwanza, yaani mazoezi ya kupanda na kushuka nota kwa mpangilio, hayo mengine watasoma wenyewe. Siku hizi sisemi hivyo, na kilichonibadilisha ni aibu.

Nilipewa mbira, ile ala ya Washona wa Zimbabwe yenye vyuma vyembamba vya kupiga kwa vidole, niandalie somo. Kuipiga naona inavuma na kukwaruza kama spika iliyopasuka, kuangalia vizuri kumbe kuna vizibo vya soda vimefungwa kwenye ubao na kwenye kibuyu cha kukuzia sauti, nikasema ahaa, ndo tatizo, nikavitoa vyote. Sauti ikawa safi nikajipongeza mwenyewe! Nikachukua na tyuna, kile kifaa cha kupimia kama nota iko sawa, nakuta vile vyuma haviendani na piano, nikaanza kuvisogezasogeza. Sijafika mbali akaja mtu aliyekulia kwenye muziki wa mbira tangu utotoni, akaitazama, akaniuliza "sasa mbona umeiua?" Kumbe ule mvumo umewekwa makusudi, zamani walikuwa wanatumia magamba ya konokono, na anayeijua akiisikia bila mvumo anaona haijakamilika, sembuse kwenye bira, ule mkesha wa kuita roho za wahenga. Na tyuni haifanani kila mbira, mafundi wanatofautiana na wapigaji wana wanazozipenda. Vizibo nilivirudisha ila kimoja sikukiona tena mpaka leo.

Sasa niambie, pale nilikosea ufundi au utamaduni? Mi sioni pa kutenganisha. Ukienda Bali, kisiwa cha Indonesia, kwenye gamelan, lile kundi lao la ala za kugonga, ala zinatengenezwa mbili mbili, moja inatyuniwa chini kidogo ya mwenzake ili zikilia pamoja sauti itetemeke. Mwalimu aliyejua piano tu atasema zimeharibika. Na piano nayo ni utamaduni jamani, zile nusu toni 12 zilizo sawasawa, yaani hatua za sauti toka kibonyezo kimoja hadi cha jirani, ni makubaliano ya watu, hazikushuka toka mbinguni. Hata Wafaransa wa karne ya 17 na 18 walikuwa wanaandika nota za urefu sawa halafu wanazipiga moja ndefu moja fupi, ukisoma karatasi tu umewakosa.

Ila nakubaliana na wewe kitu kimoja, ile "wiki ya tamaduni" ambapo wanachuo wanavaa nguo za watu, wanaimba wimbo mmoja wasiojua unaimbwa lini wala na nani, ni kupoteza muda. Bora hata skeli.

Kuhusu masaa, mimi siongezi kipindi, naweka humohumo. Mfano mdundo wa kengele wa Waewe wa Ghana na Togo, ule wa mapigo 12. Nilikuwa nawaandikia ubaoni, wanahesabu, na kila mara darasa linapotea, huyu anaanzia hapa yule pale, wiki inaisha. Halafu nikajifunza kwamba wenyewe ngoma na kucheza ni kitu kimoja, miguu ya mchezaji ndo inakuonyesha pigo kubwa liko wapi. Nikafuta ubao, nikawaambia simameni, hatua nne, huku mnaimba kengele kwa mdomo. Siku hiyohiyo wakashika, wale wazito kabisa nao wakashika! Karatasi nikawapa mwishoni na waliisoma bila shida. Kwa hiyo hayo masaa unayoyalilia mimi niliyapata hapo.

Siku ya mtihani wa vitendo mwanachuo anapiga, halafu namuuliza wanaoumiliki muziki huu wanautumia wapi, na ni kitu gani kwenye upigaji wako wao wangekirekebisha. Wengi wanakwama hilo la pili. Anayelijibu hata kama kidole kiliteleza mara mbili mi nampa maksi, na wenzangu idarani tunagombana kila muhula kwa ajili hiyo.