Vitz inagonga mbele? Usikimbilie kununua shokapu

Wenye Toyota Vitz za zamani, zile zilizotoka 1999 kuchukua nafasi ya Toyota Starlet, wakisikia mlio wa kugonga mbele ya gari wanaambiwa kitu kimoja tu: shokapu (zile zinazozuia gari isidundedunde) zimekufa. Mi nimekaa na hii gari muda mrefu na nakwambia shokapu inasingiziwa sana, mara nyingi tatizo ni kidude kidogo tu ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya shokapu.

Anza na kusikiliza inagonga saa ngapi. Ikigonga kodokodo kwenye vishimo vidogo ukiwa mwendo wa taratibu, halafu kwenye tuta kubwa inanyamaza, angalia stablaiza linki, vile vijiti vifupi vinavyoshika stablaiza, yaani chuma kinachozuia gari isilale upande kwenye kona (zipo Vitz zisizokuwa na stablaiza, chungulia kwanza). Kuna kipimo nakipenda sana, fungua linki zote mbili, zifunge pembeni zisining'inie, zunguka mtaani taratibu, mlio ukipotea basi ushampata mwizi. Ikigonga ko! moja pale unapofunga breki au unapoondoka, hapo ni bushi (zile raba) za mkono wa chini, chuma kinachounga tairi na bodi. Ukikata usukani gari imesimama ukasikia springi inaruka au inakwaruza, mauntingi ya juu, ile inayoshika shokapu kwenye bodi, imechoka. Ikivuma kama ndege na kelele zinapanda na spidi, hiyo beringi ya tairi, haihusiani na shokapu kabisa.

Baada ya hapo piga jeki, na tafadhali weka stendi, usiingize mwili chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini utikise, ikicheza ni bolijointi (kiungo cha mkono wa chini na tairi) au beringi. Shika kushoto na kulia, ikicheza ni tairodi au rakiendi, vile viungo vya usukani vinavyogeuza tairi. Bolijointi ikicheza usisubiri mwisho wa mwezi jamani, ile ikichomoka tairi inalala na wewe uko barabarani.

Shokapu yenyewe utaijua, imelowa oili, gari inaendelea kudunda baada ya tuta, tairi inalika kwa mabonde mabonde. Hapo badilisha zote mbili za mbele, na za mtumba mi sizishauri kwa sababu unanunua uchovu wa mtu mwingine.

Sasa kitu ambacho mafundi wengi wanaruka na kinaniuma sana. Bushi za mkono zikibadilishwa, bolti zake zinakazwa mwisho wakati gari imekaa chini kwa uzito wake, sio tairi zikiwa zinaning'inia hewani, maana ukikaza hewani ile raba ikishushwa inabaki imejikunja muda wote na inachanika mapema, halafu lawama anapewa muuza spea eti kauza feki. Simama hapo hapo gereji uangalie akikaza. Na kama tairodi imeguswa pita alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi) siku hiyo hiyo, usingoje tairi zianze kulika upande.