Wadogo zangu, zile sifuri 120 ziacheni kwanza

Jana nilikaa nyuma kwenye semina nikamsikia wa mwaka wa kwanza: "Viwango vya ulimwengu vimepangwa barabara ili uhai uwezekane, kwa hiyo Muumba yupo." Mwenzake akadakia: "Hapana, malimwengu ni mengi, wetu umebahatika tu!" Nikafunika uso kwa daftari. Kila mwaka ni yaleyale.

1. Zile sifuri 120 mnazozitaja (moja ikifuatwa na sifuri 120) ni pengo kati ya makadirio ya nadharia na kipimo halisi cha konstanti ya kosmolojia, yaani nishati ya anga tupu inayoharakisha kutanuka kwa ulimwengu. Si bahati nasibu. Msiziite uwezekano.

2. Hili linaniuma, nivumilieni. Mwaka wa pili niliwasilisha, kifua mbele, kwamba ulimwengu unaoruhusu uhai ni nadra mno, kwa hiyo lazima yapo malimwengu mengine mengi. Mwalimu akauliza taratibu: "Ukiingia chumbani ukamkuta mtu ndiyo kwanza ametupa dadu mbili, sita kwa sita, utasema wamecheza tangu asubuhi?" Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu." Hakucheka. Aliandika kitu tu, na mimi nikadhani ni alama za juu.

Jioni nikarudi bweni. Jamaa wako sakafuni na ludo, mmoja anarusha: sita, sita. Nikauliza, "Mmeanza saa ngapi?" "Ndiyo kwanza, hata kete hazijatoka." Nikakaa kitandani na viatu vyangu. Kosa hilohilo, la kudhani bahati moja inathibitisha marusho mengi, mwanafalsafa Ian Hacking alilianika mwaka 1987. Makala ilikuwa kwenye orodha ya kusoma. Sikuifungua.

Ila msikimbilie kushangilia, ninyi wa Muumba. Mwanafalsafa John Leslie alijibu kwamba sisi hatukuingia chumbani ovyo: mlango usingefunguka bila sita kwa sita, yaani bila ulimwengu unaoruhusu uhai tusingekuwepo kuuona. Hapo ndipo ugomvi ulipo hadi leo, na hapo ndipo mnapaswa kutumia dakika zenu kumi, si kwenye picha za galaksi.

3. Wa malimwengu: someni mwanafizikia Steven Weinberg, 1987. Kwa kuuliza tu ni kiasi gani kinaruhusu uhai, alikisia kikomo cha ile konstanti ya kosmolojia miaka 11 kabla ya supanova (nyota zinazolipuka) kuonyesha kuwa si sifuri. Wa Muumba: semeni kwanza Muumba huyo angetaka nini, la sivyo anaelezea kila kitu, hata ulimwengu mtupu.

4. Mwanaastronomia Fred Hoyle na kaboni, 1953: alipotabiri sifa ya kiini cha kaboni inayowezesha nyota kuitengeneza, alianza na kaboni iliyojaa angani, si na uhai wala Muumba. Msimbatize.

Yule wa jana kaniomba slaidi zangu za mwaka wa pili. Nimempa ludo.