Kiwiko Kikishuka, Mtoe Mrushaji

Ukifundisha besiboli hapa Mwanza, usimsubiri mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, akwambie amechoka. Hatakwambia. Mwaka 2003 kule Marekani, kocha wa timu ya Boston Red Sox, Grady Little, alimfuata mrushaji wake Pedro Martínez uwanjani kwenye iningi (awamu ya mchezo) ya 8, wakiongoza 5-3. Pedro alikuwa ameshatupa mipira 115, lakini akaachwa aendelee. Wapinzani wao, New York Yankees, wakasawazisha, wakashinda iningi ya 11.

Tazama kiwiko. Mrushaji akiwa na nguvu, kiwiko kinafika usawa wa bega pale mkono unapoanza kwenda mbele. Akichoka kinashuka, vidole vinabaki chini ya mpira badala ya kuwa nyuma yake, mpira unapaa. Utamwona mdakaji, anayepokea mirusho nyuma ya mpigaji, aliyekuwa amechuchumaa ametulia, anaanza kuinuka kuufuata. Mirusho mitatu ya namna hiyo inatosha. Sikiliza pia glavu ya mdakaji: ule mlio mkavu ukififia, kasi imekwisha. Na umuulize mdakaji mwenyewe, pembeni, maana yeye ndiye anayeipokea.

Hata usipoona dalili, hesabu kila mrusho kwa kalamu na daftari. Mwongozo wa Marekani uitwao Pitch Smart unaweka kikomo cha mirusho 95 kwa siku kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 16, na 105 kwa wa miaka 17 na 18. Wa miaka 15 au 16 akifikisha 76, apumzike siku 4. Hicho ni kikomo, si shabaha! Kwa jua letu la saa nane mchana, na kijana aliyepandisha ndoo za maji vilima vya Igogo tangu alfajiri, tunashauri usivuke 70. Muulize kabla ya mechi ameamkia kazi gani.

Makocha wengi wanakwama kwa sababu mrushaji wa akiba bado amekaa. Daftari likifika 50, mwinue aanze kurusha taratibu, akiongeza nguvu kidogo kidogo, ili akiitwa bega liwe limeshapata moto.

Uliyemtoa usimpeleke kudaka. Mdakaji naye anarudisha mpira karibu kila mrusho, na bega ni lile lile. Ukimhitaji uwanjani, mweke besi ya kwanza (kituo cha kwanza cha mkimbiaji), ambako harushi mara nyingi.