Colombo kwa pesa kidogo

Dada, uliyeuliza kama siku tatu Colombo, jiji la Sri Lanka, zitakumaliza mfuko: hazikumalizi, mradi teksi usizizoee. Uwanja wa ndege uko Katunayake, zaidi ya kilomita 30 kaskazini ya jiji. Panda basi namba 187 hadi Fort, katikati ya jiji. Bajaji ziko tele, ila zile za barabarani patana bei kabla hujakaa, au ita kwa programu ya PickMe.

Kula wanakokula wenyeji. Mchana wali na mchuzi wa dengu, mboga na samaki, hoteli yoyote ndogo ya Pettah, mtaa wa soko. Hapohapo sokoni uone msikiti wa Jami Ul-Alfar, wenye mistari myekundu na myeupe, uliokamilika 1909. Jioni nenda Galle Face, uwanja wa wazi kando ya bahari: hakuna kiingilio, na badia zao zenye kamba wa baharini juu, isso vade, nakuomba usizikose.

Lakini kinachonikaa moyoni ni treni ya daraja la tatu kutoka Fort hadi Mount Lavinia, kitongoji cha pwani kusini ya jiji. Nauli ndogo mno, reli inapita ufukweni kabisa. Kaa upande wa kulia.