Mtoto anaharisha? Niambie kwanza nepi ina nini

Nauza kwenye duka la dawa muhimu, na ombi ninalolisikia kuliko yote ni hili: “Dada, nipe Flagyl ya maji, mtoto anaota meno, anaharisha.” Siitoi. Nauliza kwanza nepi ina nini.

Choo ni majimaji, kimeanza na kutapika na homa, mtoto hajatimiza miaka miwili? Mara nyingi hapo ni kirusi, na rota ndiye kinara wao. Flagyl haiui kirusi. Ni chungu, na mtoto ataitapika pamoja na kile kidogo alichokunywa. Ukiona damu, wa kwanza kushukiwa ni bakteria aitwaye shigela. Huyo anataka antibayotiki ya kuandikiwa kituoni, na Flagyl haimgusi pia. Amiba tunayoisingizia kila siku ni nadra kwa watoto wadogo. Choo kikitoka mfululizo kama maji ya kuoshea mchele, usipitie kwangu kabisa, kinaweza kuwa kipindupindu.

Na meno? Yanaota kipindi kilekile mtoto anapotambaa na kutia mdomoni kila anachookota. Kalamba kandambili ya baba, lawama anabeba jino. Wanaonikera hasa ni wale wanaowapeleka watoto kung'olewa “meno ya plastiki”, yaani vichipukizi vya meno ndani ya fizi vinavyosingiziwa kuleta kuhara: mtoto kaishiwa maji, halafu anachokonolewa fizi kwa kitu kichafu.

Ninachotoa ni ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na zinki. Pakiti ya lita moja inakorogwa yote kwenye lita moja ya maji safi, na kilichobaki kinamwagwa baada ya saa 24. Msikisie kwa kikombe. Chumvi ikizidi inamdhuru. Mnyweshe kwa kijiko, akitapika subiri dakika 10 uanze tena polepole. Ziwa lisikatwe. Zinki ni siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshashikana, na hapo ndipo mama wengi huacha. Aliyefikisha miezi sita anapewa kidonge cha miligramu 20, mdogo zaidi nusu yake, kinayeyushwa kwenye kijiko cha maziwa ya mama.

Wenye vichanga, tazameni kadi ya kliniki. Chanjo ya rota ipo Tanzania tangu 2013, ni matone ya mdomoni kuanzia wiki ya 6. Haizuii kila kuhara, ila inapunguza sana ule wa kulazwa.

Macho yakiingia ndani, akilegea, akikataa kunyonya au akitapika kila kitu, ita bodaboda hata kama ni usiku wa manane, na njiani endelea kumpa ORS kama anaweza kumeza.