Maswali na Majibu: Vimpira vya Waya za Meno

Safari hii nimekusanya maswali ya wasomaji waliofungwa waya za meno kisha wakapewa vipakiti vya vimpira vya kuvaa wenyewe nyumbani.

Shikamoo dokta. Pakiti yangu imeandikwa 1/4 na 3.5 oz. Rafiki yangu ana 3/16 na 6 oz. Je, vyangu ni dhaifu? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Namba ya kwanza ni upana wa tundu la kimpira kabla hakijavutwa, kwa inchi. 1/4 ni kama milimita 6.4, 3/16 ni kama 4.8. Ya pili ni nguvu ya mvuto kwa aunsi, na aunsi moja ni kama gramu 28. Kwa hiyo vyako vinavuta karibu gramu 100, vya mwenzako 170.

Ila wengi wanateleza hapa: nguvu hiyo hupimwa kimpira kikiwa kimevutwa hadi mara tatu ya upana wake. Chako kinafikisha hizo gramu 100 kikivutwa mpaka milimita 19 hivi. Ukikivuta zaidi, kinazidisha, kikilegea, kinapunguza. Ndiyo maana vimpira viwili vyenye aunsi zilezile, ukivipachika mahali pamoja, chenye tundu dogo ndicho kitakachovuta zaidi.

Daktari basi huanza na umbali kati ya ndoano na ndoano, yaani vile vikulabu vya kwenye waya za meno ambako kimpira hupachikwa. Meno ya juu yakiwa yametokeza, kimpira kwa kawaida hutoka kwenye chonge la juu kwenda gego la chini. Taya la chini likiwa ndilo lililotangulia, hugeuzwa: gego la juu, chonge la chini. Njia zote mbili ni ndefu. Kuvuta chonge moja lililokwama juu ni safari fupi, na hapo tundu dogo linafaa zaidi. Namba za rafiki yako zimepangwa kwa mdomo wake, msiazimane.

Mwezi uliopita pakiti ilikuwa na picha ya mnyama mdogo, sasa nimepewa mkubwa. Nguvu imeongezwa? (Nairobi)

Si lazima. Picha ni ya kukusaidia kuikumbuka pakiti. Soma namba.

Nimechoka na hizi waya. Nikivaa viwili viwili kila upande si nitamaliza mapema? (Mombasa)

Unaweza hata kuchelewa. Jino husogea kwa sababu mfupa wa mbele yake unamong'onyolewa na wa nyuma yake unajengwa upya, na kazi hiyo inahitaji damu ipite kwenye utando unaoshika mzizi. Ukibana kupita kiasi, mishipa midogo ya hapo inazibwa, tishu inakufa, na jino linagoma mpaka mwili umalize kuiondoa tishu hiyo. Kibaya zaidi, ncha ya mzizi inaweza kuliwa ikafupika, na ikishafupika hairefuki tena. Nguvu ikihitaji kuongezwa, daktari atakubadilishia pakiti.

Binti yangu anavivaa usiku tu, eti shuleni wanamcheka akipiga miayo. Inatosha? (Mama, Tanga)

Haitoshi, mama, labda kama daktari wake alisema usiku tu. Maagizo ya kawaida ni saa 20 hadi 22 kwa siku, maana yake avitoe wakati wa kula na kupiga mswaki. Kimpira chepesi kilichokaa mdomoni mchana na usiku kinafanya kazi kuliko kizito cha saa nane. Akivaa kwa kuruka-ruka, meno yanauma kila anapoanza upya na hayaendi popote. Nadhani watoto wengi wanaacha kwa sababu ya maumivu hayo kuliko kwa kuchekwa.

Tena kimpira huchoka, na sehemu kubwa ya nguvu hupotea katika saa za mwanzo. Jioni mwambie akitoe, akiweke kiganjani kando ya kipya. Ataona cha zamani kimepanuka na kulegea. Avibadilishe mara nyingi kama alivyoelekezwa, hata kama havijakatika.

Niko Kigoma, kliniki yangu iko Dar. Vimpira vimeisha. Nitumie rababendi za kufungia noti?

Hapana, wala za kusukia nywele. Hazijapimwa nguvu wala hazikutengenezwa kukaa mdomoni. Ipigie simu kliniki, watumie picha ya pakiti; ni kitu chepesi, hata kwa basi kitafika.

Na kwa kuwa umegusia rababendi: wapo wanaozivisha kwenye meno mawili ya mbele, bila waya wala daktari, ili kuziba mwanya. (Mwanya ambao bibi zetu waliuita urembo, lakini hayo ni ya mwenyewe.) Jino hupungua unene kuelekea kwenye mzizi, kwa hiyo mpira huteleza, ukazama ndani ya fizi na kuzidi kupanda huku ukiharibu mfupa. Nje huuoni. Mtu anashtuka meno yakilegea, na wapo walioyapoteza kabisa.

Midomo inaniwasha na kuvimba nikivivaa. Nivumilie? (Mwanza)

Maumivu ya meno ya siku chache za mwanzo ni ya kuvumilia. Kuwasha na kuvimba si ya kuvumilia: huenda mwili wako unaukataa mpira wa lateksi. Vitoe leo, mwambie daktari, na ukianza kupumua kwa shida nenda hospitali mara moja. Vipo vimpira visivyo na lateksi, ila vinalegea upesi zaidi, kwa hiyo uliza upya vibadilishwe mara ngapi.